Mwanamke Kwenye Vioo vya Maduka

Alikuwepo tena.

Ornella alizipitia picha zilizoning'inia kwenye kamba chumbani kwa Leandro, zimebanwa kwa vibanio vya nguo kama soksi za mtu, na kila alipotaka kujituliza roho alimwona. Mwanamke yuleyule. Koti la rangi nyepesi lililofika magotini, kitambaa kichwani, miwani ya jua iliyommeza nusu ya uso. Hapa yuko nyuma ya masista wawili wanaogombea mwavuli. Hapa yuko kwenye kioo cha duka la kofia, juu ya bega la mzee anayelamba aiskrimu. Hapa kaegemea nguzo ya baraza, watoto wa shule wanampita mbio. Picha zenyewe zilikuwa za hao wengine, hilo halina ubishi. Ila hao wengine walikuja wakaenda zao. Yeye alibaki.

Kumbe Emidio hakumdanganya!

Neno hilo kaka yake Emidio ndiye aliyelileta nyumbani, akitoka kunyolewa. Kinyozi Serafino, aliyempangisha Leandro chumba cha juu, alikuwa ametundika picha kadhaa za mpangaji wake dukani, na wateja wanaongoja zamu hawana kazi nyingine ila kuzichambua. "Mpigapicha wenu ana mwenziwe," walimwambia Emidio, naye wembe uko shingoni, hawezi hata kugeuka kuwajibu.

Leandro alikuja Ascoli baada ya Krismasi, akitokea Trieste, mji wa pwani wenye upepo mkali, kupiga picha za watu wa mji wa kale kwa ajili ya kitabu. Kazi ilikwisha Machi. Yeye hakuondoka, na mji mzima ulijua kilichomweka. Alikuwa na mtindo wake: hakumwelekezea mtu kamera usoni. Aliwapa watu mgongo, akawapiga kupitia vioo vya maduka, wanavyopita nyuma yake bila habari. Mtu asiyejua kuwa anatazamwa, alisema, uso wake unakuwa wake mwenyewe. Ornella alikuwa ameyapenda maneno hayo. Leo aliyasikia vingine kabisa. Anayeonekana kwenye kioo mbele ya Leandro, maana yake yuko nyuma ya Leandro. Siku zote. Hatua chache tu.

"Ornella, nikutilie sukari?" Leandro aliita kutoka jikoni. Yeye alilitaja jina zima, tofauti na watu wa hapa wanaokata kila jina katikati.

"Njoo hapa kwanza."

Akaja na vikombe viwili vya kahawa, mikono ya shati imekunjwa, vidole vinanuka dawa ya kusafishia picha. Alikuwa na macho ya kijivu yaliyotulia, macho ambayo miezi miwili iliyopita yalimfanya Ornella, akiwa dukani kwao, amrudishie mteja chenji mara mbili. Leo aliyakazia yake.

"Nani huyu?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto, Leandro. Huyu. Na huyu. Na huyu hapa."

Leandro aliweka vikombe juu ya kiti. Aliviweka polepole mno, na Ornella akaona.

"Mji mdogo huu," alisema. "Watu wanajirudia."

"Padri hajajirudia. Yule muuza magazeti anayekaa uwanjani kutwa nzima, hajajirudia. Anajirudia huyu tu."

"Mimi nikitoka napiga watu chungu nzima. Siwajui hata majina."

"Jina sikuulizi! Nakuuliza kwa nini kila uendako yupo nyuma yako."

"Labda anapenda kutembea. Jamani, wanawake wenye makoti ya kijani wako wangapi mji huu?"

Chini, mkasi wa Serafino ulisikika ukilia kwenye kichwa cha mtu.

"Kijani?" Ornella akauliza.

Leandro alikisogeza kikombe kimoja, akakirudisha palepale.

"Picha zako hazina rangi, Leandro. Mimi hapa naona koti jeupe, au la maziwa, au la bluu ya kupauka. Wewe umejuaje ni kijani?"

Akaona uso ukimbadilika mwanamume wa watu. Haikuwa hofu, wala haikuwa aibu hasa. Ilikuwa kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Nilimwona. Mara moja, kwa macho yangu."

"Sasa hivi umesema humjui!"

"Nimesema watu wanajirudia."

"Mnafiki mkubwa! Nitazame. Mmeongea?"

"Hapana."

"Mmesalimiana?"

Hapo akanyamaza. Na ukimya wa mwanamume katika swali kama hilo, kila mwanamke anaujua.

"Niambie ni nani," Ornella alisema, na sauti ikaanza kumkatika. "Hata kama ni mkeo kakufuata kutoka Trieste, niambie. Nitalia, nitakutukana, halafu nitajua."

"Sina mke. Ornella, hili la huyu mwanamke si langu kulisema."

"Ni la nani?"

Leandro alimtazama kwa muda mrefu. Ajabu ni kwamba katika macho yale Ornella aliona kitu kilekile kilichokuwa kinamchoma yeye mwenyewe. Shaka.

"Kweli humjui?" Leandro akauliza taratibu.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

Hilo ndilo lililommaliza. Ornella alifikiri Leandro anamgeuzia kibao. Akaikwanyua picha ya mbele kabisa, vibanio vikaruka hadi sakafuni, akaufuata mlango.

"Kesho usinisubiri uwanjani!" alisema akiwa ngazini. "Katembee na huyo wa kijani!"

Mtu wa Ascoli anajua uzito wa tusi hilo. Jumapili, baada ya misa ya asubuhi na kabla ya chakula cha mchana, mji mzima hushuka uwanjani, ukaenda ukarudi juu ya mawe yale meupe, kila mtu kavaa cha kabatini. Msichana akipita pale kamshika mwanamume mkono, basi, mambo yameiva. Vikongwe huanza kukisia tarehe ya harusi, na shangazi huanza kuulizia mashuka ya bibi harusi. Kesho ilikuwa iwe Jumapili yao ya kwanza kushikana mikono. Ornella alikuwa amekwisha piga pasi gauni.

*

Nyumbani, chumba cha nyuma ya duka, mama yake na Emidio walikuwa wanajaza zeituni za oda za Jumapili. Familia ya Ornella haikuwa na kazi nyingine tangu enzi za babu: kumenya zeituni kwa kisu kidogo, nyama yake ikitoka kwa mzunguko kama ganda la chungwa, kutupa kokwa, kujaza nyama ya kusaga, kuviringisha, kukaanga. Bi Nazzarena, mama yake, alisimama mbele ya meza ya marumaru ndani ya nguo zake nyeusi. Nyeusi gauni, nyeusi sweta, nyeusi soksi. Tangu alipomzika mumewe, miaka tisa sasa, hakuna aliyemwona na rangi nyingine, na mji ulimheshimu kwa hilo.

"Ornè, umelia," mama alisema bila kuinua macho.

"Sikulia."

"Macho mekundu hayo ya nini, vitunguu?"

"Amekiri?" Emidio aliuliza. Alikuwa na unga hadi kwenye nyusi. "Sema tu, dada. Nikamng'oe meno sasa hivi au baada ya kufunga duka?"

"Wewe unaogopa hata kuku, kaa kimya. Hajakiri. Ila anamjua. Amekataa kumtaja, nikamwita mnafiki mkubwa, nikaondoka."

"Si nilikwambia?" Bi Nazzarena aliidaka haraka. "Toka siku ya kwanza nilikwambia. Mwanamume kazi yake kutazama watu! Wa kwetu wangapi wenye maduka, wenye mashamba, ukawaona wote hawafai? Kwao hatukujui, mama yake hatumjui. Atakuchukua akupeleke huko kwenye upepo, halafu hata simu usipige. Bora umejua mapema. Achana naye, Ornè."

Ornella alivaa aproni, akaketi, akachukua kisu. Machozi yalimtiririka juu ya zeituni na hakuyafuta. Alimpenda yule mwanamume, basi. Alimpenda hadi mifupa ikamuuma, na angetoa chochote kile mtu aje amwambie kuwa amekosea.

Zeituni kadhaa zikajazwa, zikaviringishwa. Kisha mama akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya mayai:

"Picha zenyewe ni nyingi?"

"Nyingi."

"Na uso... uso wake unaonekana?"

Kisu cha Ornella kikasimama. Swali gani hilo? Mama mwenye hasira huuliza mwanamke ni mzuri, ni kijana, ni wa nani. Haulizi kama uso unaonekana.

"Kwa nini, mama?"

"Nauliza tu. Tukikutana naye tumjue, si ndiyo?"

"Nimekuja nayo moja."

Akaitoa mfukoni, akaikunjua juu ya marumaru. Emidio akainama.

"Loo! Ana miguu, huyu bibi. Hata mimi ningegeuka."

"Emì! Adabu yako!" Mama alifoka, na shingo yake nzima ikawa nyekundu.

Ornella akaitazama ile shingo. Akaitazama picha. Mwanamke wa koti alikuwa amesimama mbele ya duka la viatu, mkoba ameubana kifuani kwa mikono miwili, na kisigino kimoja amekitoa kwenye kiatu, amekipumzisha juu ya kiatu cha pili. Ni namna ya kusimama ya mtu aliyesimama maisha yake yote mbele ya karai la mafuta ya moto. Kisha, polepole, kwa sababu hakutaka kuona alichojua atakiona, aliinama akachungulia chini ya meza.

Kisigino cha mama kilikuwa nje ya ndala, kimepumzika juu ya mwenziwe.

"Mama."

"Nini?"

"Mama!"

Bi Nazzarena aliweka zeituni chini. Akajifuta mikono kwa aproni, kidole baada ya kidole.

"Emì, kaangalie duka."

"Duka limefungwa, mama."

"Basi kaangalie limefungwaje!"

Emidio hakutoka. Alikuwa ameelewa sasa hivi, na mdomo ulibaki wazi. Na wa kulaumiwa ni nani? Wateja wote wa Serafino, pamoja na yeye mwenyewe, walikuwa wameitazama picha ya Nazzarena mjane wa zeituni na wasimtambue. Nani angemtafuta Nazzarena ndani ya rangi? Watu walikuwa wameshazoea kuona nguo nyeusi, mwenye nguo hawamwoni tena.

"Koti umelitoa wapi?" Ornella aliuliza. Hata yeye alishangaa kwamba hilo ndilo swali la kwanza.

"Ni langu. Nilinunua mwezi ule baba yenu alipougua. Sikuwahi kulivaa." Sauti ya mama ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nalivaa kwenye ngazi za nyuma ya kanisa, nikisema nakwenda kuwasha mshumaa. Nilitaka kujua anakwenda kwa nani. Mwanamume hawezi kuzurura vile asiwe na pa kwenda. Nikamfuata."

"Ukaona nini?"

"Hakuna! Anatembea, anasimama, anangoja. Anatembea, anasimama, anangoja. Sijaona mwanamume anayechosha kama huyo! Hata bia hanywi."

Emidio akapasuka kwa kicheko, akakimeza alipoona uso wa dada yake.

"Kama hukuona kitu, mbona uliendelea? Picha hizi ni za wiki na wiki!"

Mama aliivuta picha karibu. Alijibu akiwa anaitazama.

"Kwa sababu watu walinipita bila kunipa pole, Ornè. Miaka tisa nikitokea tu, wanashusha sauti. Siku ile muuza samaki aliniita 'mrembo'. Hakunijua. Kesho yake nikatoka tena, na sijui tena nilikuwa namfuata yeye au natembea tu."

Moyo wa Ornella ulitaka kulainika, lakini kulikuwa na kitu kingine kimeukaba.

"Na Leandro alijua."

"Siku moja aligeuka. Tukatazamana, karibu kama mimi na wewe sasa. Akavua kofia, akanipa heshima, akaenda zake. Nilingoja akwambie. Nilingoja wiki nzima, chakula hakipiti. Hakusema."

"Na leo umenisikia nikisema nimemwita mnafiki! Umenyamaza! Umeniambia niachane naye!"

"Nilidhani atasema! Wanaume wote wakibanwa husema, humtaja yeyote ili wajiokoe. Nikajiambia, akinitaja, basi ni wale wale, na wewe utabaki. Utabaki hapa." Bi Nazzarena alijifunika uso kwa mikono yenye harufu ya zeituni. "Naogopa, mwanangu. Akikuchukua, mimi nitabaki na nani? Na huyu?"

"Asante, mama," alisema Emidio.

Ornella alisimama. Alitaka kupiga kelele na alitaka kumkumbatia, na hakufanya lolote kati ya hayo. Alivua aproni.

"Kesho nitapita naye uwanjani."

"Kama atakubali," mama alisema kwa huzuni ya kweli. "Kwa ulivyomtukana, mimi nisingekubali."

*

Jumapili ilikuwa na jua. Watu walikuwa wamejaa baina ya kanisa na baraza, wanakwenda wanarudi, kila mmoja anamkagua mwenzake kuanzia viatu. Leandro alikuwa katikati ya uwanja, peke yake, kamera mkononi, na hakuwa anampiga mtu.

Ornella hakuzunguka. Alimwendea moja kwa moja, gauni lake la pasi, macho ya mji mzima yakimsukuma mgongoni.

"Ni mama yangu," alisema.

"Najua."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia nini? Kwamba mama yako amevua nguo za msiba aje anipeleleze? Angekutazamaje baada ya hapo? Na mji huu ungemtazamaje yeye?"

"Ukakubali nikuite mnafiki."

"Sikukubali. Iliniuma sana." Leandro alishusha macho. "Na usinifanye mtakatifu. Nilidhani ni wewe uliyemtuma."

"Mimi?"

"Wewe. Kila nikikaa mezani kwenu, ukinitilia divai, nawaza: huyu ananipenda au ananichunguza? Nikaziacha picha kambani nikuone utasema nini. Jana nilipokuuliza kama kweli humjui, ndipo nilipoona hujui. Lakini ulishafika ngazini."

Kwa hiyo walikuwa wanapelelezana wote, meza moja, chakula kimoja. Ornella alihisi baridi katikati ya jua lile.

"Nisamehe," alisema. "Nilitaka kukwambia kwa maneno mazuri, yamenipotea. Nakupenda. Nisamehe."

Leandro aligeuka kutazama. Nyuma yao wanawake watatu walikuwa wamesimama kufunga kamba za viatu visivyokuwa na kamba.

"Nakupenda pia, na ndiyo taabu yenyewe," alisema hatimaye. "Nimeshazoea kugeuka nyuma, Ornella. Naogopa nitageuka maisha yangu yote. Leo umemgundua mama. Kesho utamtuma nani?"

"Kesho nakuja mwenyewe."

"Na keshokutwa?"

"Mwenyewe. Nitakufuata kwa mbele, unione."

Leandro hakucheka. Lakini hakuondoka, na kwa Ornella hilo lilitosha. Akapitisha mkono wake chini ya mkono wa kulia wa Leandro, akaubana ubavuni, mbele ya padri, mbele ya Serafino, mbele ya wale watatu wa viatu.

"Huo ndio mkono wa kupigia picha," Leandro alinong'ona.

"Najua."

"Ukiushika hivyo siwezi kumpiga mtu yeyote."

"Umewatazama vya kutosha," Ornella akamwambia. "Leo watakutazama wewe."

Aliuhisi mkono ule ukikataa, kisha ukilegea, kisha ukimbana naye. Wakaanza kutembea.